Mstari wa Kijivu

Mama alisinzia akiwa ameshika kikombe, uji ukammwagikia kwenye khanga, na bado hakuamka.

Atuganile aliruka kutoka kwenye meza yake ya kazi. "Mama! Mama, amka!"

"Sijalala." Mama alifumbua jicho moja. "Nimepumzisha macho tu."

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa sebule nzima. Atuganile alimfuta uji, akamfungua vidole ili achukue kikombe, na hapo ndipo alipoziona kucha. Zilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama za mtu aliyefua nguo muda mrefu kwenye maji ya mtoni. Akainama kutazama pafu. Lilikuwa mahali pake, kifaa bapa chenye upana wa sahani, kimefungwa kifuani kwa mikanda, mpira mwembamba ukitoka pembeni yake hadi kwenye bomba la hewa ukutani. Taa ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake hewa inatosha.

"Kifaa kinasema uko sawa."

"Basi mwenye kasoro ni mimi," mama alisema. Akataka kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

Watu wa Isyeto walikuwa wamezoea mapafu ya kuvaa. Tangu mlima ulipolipuka na majivu kuufunika mji, wakubwa wengi walibaki na vifua vilivyoungua, na watoto waliendelea kuzaliwa wakiwa na mapafu madogo yasiyoweza kazi. Kiwanda kimoja juu ya kilima kilitengeneza oksijeni na kuisukuma kwa mabomba hadi majumbani na hospitalini, na kila kifua kilichukua fungu lake kutoka kwenye bomba hilohilo, pamoja na akiba ndogo ambayo pafu lilibeba mvaaji anapotoka nje.

Atuganile alimpeleka mama hospitali siku hiyohiyo. Fundi aliunganisha pafu na mashine yake, akasoma, akatikisa kichwa.

"Halina hitilafu, dada. Linafanya kile lilichoagizwa."

"Na hizi kucha?"

"Labda damu. Umri nao."

Walirudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Njiani mama alisimama mara kwa mara akijifanya anatazama maua ya watu.

*

Simu ya Wakili Ambakisye iliingia siku iliyofuata, Atuganile akiwa kazini. Wakili alipoteza macho yake kwenye majivu, lakini hakupoteza kesi nyingi baada ya hapo. Yeye ndiye aliyewashtaki watengenezaji wa kwanza wa mapafu, wale waliokuwa wakibadilisha vifaa vya watu kwa siri. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya Isyeto: agizo lolote la kuingia kwenye kifua cha mtu sharti kwanza liandikwe kwenye Orodha, barua pepe iwafikie wote waliojiandikisha, ijadiliwe, kisha ibaki kwenye hifadhi ya barua ambako yeyote anaweza kuisoma.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, binti yangu. Nisamehe kukusumbua kazini. Nina swali ambalo naona haya kuliuliza mbele ya watu kwenye Orodha. Lile fungu la wazee mlilijadili lini? Nimepitia barua zote, sikumsikia mtu akiligusa."

"Fungu la wazee lipi?"

"Lililo kwenye barua ya mabadiliko ya mwisho. Ngoja, sikiliza."

Aliisogeza simu karibu na kompyuta yake. Sauti kavu ya kisoma skrini, programu inayomsomea kwa kuwa haoni, ikasikika: "Ikiwa umri ni zaidi ya sitini na mwili umetulia, hewa ipungue kwa moja ya tano. Taa ibaki kijani."

Atuganile aliifungua hifadhi. Kuipaka rangi hifadhi ile ilikuwa kazi yake, na kwa kazi hiyo alijulikana mji mzima. Zamani barua zilihifadhiwa kwa herufi nyeusi tupu, maneno ya mwandishi, barua aliyoijibu na msimbo wenyewe unaosomwa na mashine, vyote vikiwa vimechanganyika, na watu wakaacha kusoma. Yeye ndiye aliyetunga kanuni za kuutambua msimbo ndani ya barua na kuupaka. Maagizo yalipakwa bluu. Kiasi, yaani namba zote za hewa na muda, kilipakwa nyekundu. Maelezo ya pembeni, yale maneno ambayo mwandishi wa msimbo huyaweka kati ya nyota mbili ili kumfafanulia msomaji na ambayo mashine huyaruka, yalipakwa kijivu. Shuleni watoto walifundishwa hivyo: nyekundu isome mara mbili, kijivu kiache.

Aliiona barua. Alikwishaisoma ilipotoka. Hata sasa jicho lake lilipita juu ya mistari ile bila kusimama.

"Wakili, hayo ni maelezo ya pembeni. Yako kwenye kijivu."

"Binti, mimi kijivu sikioni. Na pafu la mtu nalo halikioni. Linasoma kama ninavyosoma mimi, herufi baada ya herufi. Nimesikia nyota ikifungua maelezo, nimesikia nyota ikiyafunga, halafu nikasikia mstari huo. Halafu nyota nyingine mbili. Tazama vizuri."

Alitazama. Akaziondoa rangi zote, akabaki na herufi nyeusi peke yake, akazifuata nyota kwa ncha ya kalamu juu ya skrini kama mtoto anayejifunza kusoma. Nyota ya kufungua. Maneno mawili yasiyo na maana. Nyota ya kufunga. Kisha mstari wa wazee, nje kabisa, ukiwa hai. Kisha nyota ya kufungua tena, maneno, nyota ya kufunga. Mashine ilihesabu maelezo mawili mafupi na agizo moja katikati yake. Hifadhi ilipaka yote matatu kijivu, kana kwamba nyota zile za katikati hazikuwapo.

Kanuni yake haikuwa hivyo. Yeye aliiandika kwamba maelezo huishia kwenye nyota ya kwanza inayofuata.

"Uko hapo, binti?"

"Nipo. Wakili, naomba usimwambie mtu kwanza. Nipe mpaka jioni."

"Mpaka jioni," wakili alisema. "Mimi mwenyewe nina miaka sabini. Nimekuwa nikisinzia sana siku hizi."

Alipokata simu, Atuganile alifungua historia ya kanuni zake. Kila badiliko lilikuwa na jina la aliyeliandika na jina la aliyeliidhinisha. Badiliko la nyota lilikuwa dogo, alama moja tu imesogezwa. Aliyeliandika ni Sekela, rafiki yake. Aliyeliidhinisha ni Atuganile.

Akaiona tarehe, akaikumbuka siku yenyewe. Ni siku mama alipokuwa anawekewa pafu jipya. Sekela alikuja hospitali na chupa ya chai, akawa naye tangu asubuhi. Alimsuka mama nywele kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji kuungiwa mrija wa pafu kifuani, mistari mizuri ya kulalia nyuma, akimsimulia vichekesho ili asiogope. Kisha akamgeukia Atuganile aliyekuwa hana hata nguvu ya kukaa wima.

"Kale kakosa ka nyota nimekurekebishia, usihangaike nako. Weka idhini tu, halafu ulale kidogo hapo benchini. Nitakaa na mama."

Atuganile aliweka idhini. Akamwambia asante. Alimwambia kwa moyo wote, akaegemea bega la Sekela, akalala.

*

Sekela ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa kiwanda cha hewa. Walisoma pamoja tangu wakiwa wasichana wa bweni, wakaolewa mwaka mmoja, wakaachika miaka tofauti, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Alipomwona Atuganile mlangoni mwa ofisi alitabasamu, halafu tabasamu likaisha lenyewe.

"Umeuona," alisema.

Atuganile alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimpotea. "Sema siyo wewe. Sema mtu alitumia jina lako."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Sekela alichukua kofia ngumu mbili, akampa moja, akatoka bila kugeuka kuona kama anafuatwa. Walipita katikati ya ngurumo mpaka kwenye kompresa mbili kubwa za kusukuma hewa. Moja ilikuwa inatetemeka kwa kazi. Ya pili ilikuwa kimya, kifuniko chake kimefunguliwa, matumbo yamelala chini kwenye turubai.

"Ilikufa kabla ya masika," Sekela alisema karibu na sikio lake. "Spea inatengenezwa mbali, meli imeshaahirishwa mara mbili. Hewa haitoshi, Atu. Nilipiga hesabu kila namna. Wazee wakipewa fungu lao kamili, presha kwenye bomba la wodi ya watoto inashuka chini ya kiwango. Unajua maana ya presha kushuka kwa mtoto aliyezaliwa juzi?"

"Ungeiandika kwenye Orodha."

"Niandike nini? 'Wapendwa wazee, tunaomba mpumue kidogo'? Wangebishana mpaka Krismasi. Wangeunda kamati. Umewahi kuona Orodha ikikubaliana jambo ndani ya wiki moja? Wodini kulikuwa na watoto wasio na wiki moja."

"Ukaamua peke yako."

"Moja ya tano tu, tena wakiwa wamekaa. Nilijua haitamuua mtu."

"Ulijua au ulitumaini?"

Sekela aligeukia ile kompresa inayotetemeka, akasoma kipimo chake.

"Na taa?" Atuganile aliuliza. "Taa kwa nini ibaki kijani? Kama ungeiacha iwake njano mama angejua anapungukiwa. Angelala, angekaa kitako. Amekuwa akipanda kile kilima kwenda sokoni akidhani ni uzee. Nimemlisha vidonge vya damu, Sekela. Nimemwambia ajitahidi kutembea!"

"Ingewaka njano vifuani kwa wazee wote siku moja, nani asingeuliza?"

"Ndiyo! Nani asingeuliza!"

Fundi mmoja aliwatazama kutoka upande wa pili, akainamisha kichwa kwenye kazi yake.

"Ulijua mama yumo kwenye fungu la wazee," Atuganile alisema, sasa kwa sauti ya chini kiasi kwamba Sekela ilibidi aisome midomoni. "Siku ile ulikuwa umeshika kichwa chake mapajani mwako, unamsuka, na ulijua."

"Nilijua." Macho ya Sekela yalijaa maji. "Nilimsuka kwa sababu nilijua."

Atuganile alihisi kama amepigwa kofi. Angeweza kuvumilia kusikia kwamba Sekela alisahau, kwamba hakufikiria. Hilo la kwamba alifikiria, akafikiria tena, kisha akachagua siku, saa na bega la kumlaza, hakuweza kulivumilia.

"Nisikilize," Sekela alisema. "Spea inafika mwisho wa mwezi. Nitautoa mstari, utairudisha kanuni yako, hakuna atakayejua. Ukiandika leo, sheria unaifahamu. Mwananchi akipinga kwa ushahidi, mapafu yote yanarudi kwenye msimbo wa zamani saa hiyohiyo. Presha itashuka wodini leo. Siyo mimi nitakayeumia. Nenda kawatazame wale watoto kwanza, ndipo uandike."

Atuganile alivua kofia ngumu, akaiweka juu ya kompresa iliyokufa.

*

Alienda. Alisimama nyuma ya kioo cha wodi, akawaona, wadogo kama mikate, kila mmoja na mpira wake. Nesi mkuu alidhani ni ndugu wa mzazi, akamkaribisha ndani. Atuganile alikataa kuingia. Alimvuta pembeni, akamweleza yote.

Nesi alimsikiliza mikono ikiwa kiunoni. "Nipe saa moja," alisema mwishoni. "Niwaite walio zamu ya mapumziko. Tunaweza kuwapulizia kwa mkono, kwa vifuko vya hewa vya kubinya, lakini siyo wote, na siyo mpaka kesho."

Kutoka hapo akaenda nyumbani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama. Akamsimulia yote, akidhani mama angeuliza kuhusu ugonjwa wake. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Sekela huyu? Wa kwetu?"

"Huyuhuyu, mama."

Mama aliweka mkono wake juu ya pafu. "Angekuja tu," alisema. "Angekuja akakaa hapa akaniambia, mama, hewa ni kidogo, kuna watoto. Mimi nimezika watoto wawili kwa yale majivu. Alidhani ningesema nini?"

"Nikiandika, watoto watapungukiwa leo."

"Usipoandika, utakuwa umeninyima wewe sasa. Tena kwa kujua." Mama alimtazama usoni. "Na wakili, na wengine wote. Mwanangu, usiniamulie. Umenisikia? Hata kwa wema."

Atuganile aliandika barua fupi. Aliunakili msimbo ulivyo, akaeleza nyota ilivyomdanganya kila mwenye macho, akataja jina la Sekela na chini yake jina lake mwenyewe kama aliyeidhinisha bila kusoma. Akaeleza kuhusu kompresa na wodi. Mwisho akaandika kwamba kila pafu lina kitufe pembeni cha mvaaji kujipunguzia, kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba nesi mkuu anahitaji kila pumzi iliyo tayari kutolewa. Kabla ya kutuma alizima rangi za hifadhi nzima. Barua ikatoka nyeusi, na nyuma yake barua za miaka yote zikawa nyeusi.

Pafu la mama liliguna, likavuta. Uso wake ulirudiwa na rangi mbele ya macho ya Atuganile, na hilo lilimliza kuliko yote ya siku ile, kuona jinsi alivyokuwa amepungukiwa.

Majibu yakaanza kumiminika. Watu walimtukana Sekela, wakamtukana Atuganile, wakauliza ni nini kingine wamekiruka miaka yote kwa kuwa kilikuwa kijivu. Mmoja aliandika: "Mimi sipunguzi, na mtu asinipigie simu." Wakili Ambakisye aliandika neno moja: "Nimepunguza." Kisha mwanamke wa mtaa wa juu akaandika hivyohivyo, kisha mwingine, kisha mzee mmoja akauliza kitufe kiko upande gani.

Wodini manesi walipuliza kwa mikono mpaka viganja vikachubuka. Presha ilishuka, ikasimama, ikaanza kupanda polepole. Haikufika ilipokuwa. Mtoto mmoja hakuweza kusubiri, akapelekwa mji wa jirani kwa gari la wagonjwa, nesi amempakata akimpulizia njia nzima. Alifika akiwa hai.

*

Sekela alikuja baada ya Baraza la Hewa, lililosimamia kiwanda, kumsimamisha kazi. Alikuwa na ufunguo, lakini alibisha hodi. Mama ndiye aliyemwitikia aingie. Atuganile alibaki mezani, mgongo umeelekea mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Sekela alikaa ukingoni mwa kochi. Alikuwa amekonda. "Sikuja kujitetea," alisema. "Ila wengi wamepunguza wenyewe. Zaidi ya nusu. Ni hewa ileile, mama, kiasi kilekile nilichokikata mimi. Najiuliza kosa langu liko wapi hasa, na usiku silali."

"Niulize," mama alisema.

"Nikuulize nini?"

"Ulichotakiwa kuniuliza siku ile unanisuka. Niulize sasa."

Sekela alimtazama Atuganile, akaukuta mgongo.

"Mama," alisema hatimaye, "hewa haitutoshi. Naomba... naomba sehemu ya hewa yako, kwa ajili ya watoto."

"Hapana," mama alisema.

Sekela aliinua uso.

"Wewe nakukatalia." Mama alisema taratibu, akipumzika kati ya maneno, na taa kifuani pake ilikuwa ya njano. "Watoto nimeshawapa mwenyewe, siku ileile, kabla Atu hajafunga kompyuta. Lakini wewe ukiniomba, jibu ni hapana. Nilitaka ulisikie. Ndilo ulilokuwa unaliogopa, nami nilikuwa na haki ya kulisema."

Sekela alilia bila kujifunika. Hakuna aliyemsogelea. Alipomaliza alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani karibu na mkono wa Atuganile.

"Atu."

Atuganile alikuwa na maneno mengi. Aliyatafuta yale yanayofaa, akakuta yote ni ya zamani, ya kumwambia rafiki. Akatazama skrini.

"Kwaheri, mama," Sekela alisema.

"Nenda salama."

Kwa desturi yao mgeni husindikizwa hadi barabarani, hata mgeni usiyempenda. Atuganile alisikia mlango ukifunguliwa, ukafungwa, kisha hatua zikishuka ngazi moja moja, zikisimama chini kidogo kana kwamba zinasubiri, kisha zikiendelea. Hakuinuka.

"Atu," mama alisema kutoka kwenye kiti. "Yule mtoto wa gari la wagonjwa. Nesi amesema anaitwa nani?"

"Hajapewa jina bado, mama."

"Waambie wampe jina," mama alisema, akafumba macho apumzike, safari hii akijua kwa nini amechoka.